Dirisha Refu Chumbani kwa Mama Mkwe

Mtu wa mtaa wa Makomeno aliyewahi kumwona Mama Régine ameketi mpaka chai yake ikapoa, na ajitokeze. Hatajitokeza, maana hayupo. Mama yule alikula amesimama, alichambua sombe, majani ya muhogo, amesimama, na kwenye vilio, pale wanawake wote wanapokunja miguu mkekani, yeye ndiye aliyekatiza uani na ndoo ya maji ambayo hakuna aliyemwagiza. Wenzake walimtania kwamba siku ya kufa kwake itabidi jeneza lifungwe kamba. Alicheka nao, huku mkono umekwisha kushika fagio la mtu.

Hakuzaliwa na kiherehere hicho. Alizaliwa Kilwa, ile ya Ziwa Mweru, mtoto mnene, mpole, wa kulala mchana, hata shangazi zake wakasema huyu atakuwa mzigo kwa mumewe. Mji ndio uliomwinua. Lévi, fundi wa reli, alimleta Lubumbashi akiwa bibi arusi, na miaka ya kwanza haikuwa mibaya. Kisha askari wakapora maduka. Mshahara wa Lévi ukaanza kuchelewa, halafu ukaacha kuja. Baadaye majirani waliotoka Kasai wakafukuzwa majumbani mwao, wakalala kituoni na watoto wakingoja treni. Régine aliwapelekea munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi alichokuwa ameanza kupika ili auze, akarudi analia njia nzima kwa hasira. Halafu Lévi akafa. Kila lilipobomoka jambo palikuwa na kitu cha kuchota, cha kubeba au cha kukoroga, na miguu ikashika desturi hiyo, ikakataa kuiacha. Kukaa kulimtia hofu. Aliona kama anayekaa ndiye anayekutwa na balaa.

Ikaja miaka ya shaba. Magari yalijaa mjini, wageni wakapanga kila nyumba yenye geti, na binti yake Graciella akaolewa na Floribert, kijana mwembamba mwenye adabu, mchora ramani katika kampuni ndogo ya kuyeyusha shaba. Walipanga nyumba nzuri, wakanunua friji. Mama Régine alipokwenda kuwatembelea alifagia uwanja ambao ulikuwa umekwisha kufagiwa, akarudi kwake ameridhika.

Mwishoni mwa 2008 bei ya shaba ikaporomoka, huko inakopangwa, ambako hakuna mtu wa Makomeno aliyewahi kufika. Wenye kampuni walipanda ndege bila kumuaga hata mlinzi. Asubuhi wafanyakazi walikuta lango lina kufuli, wakasimama nje na buti zao mpaka jua likawachoma, kisha mmoja mmoja wakageuka. Floribert alirudi kwa mkewe na kofia ya plastiki mkononi. Friji iliuzwa, nyumba ikarudishwa kwa mwenyewe, na mke na mume wakahamia kwa Mama Régine.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, na si taabu ya chakula.

Kwao Mama Régine, upande wa Wabemba, mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawapiti njia moja. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na chumba anacholala mama, mkwe hajui hata rangi ya ukuta wake. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ina siku yake ya kulegezwa. Shangazi wa upande wa mke wanakusanyika, wanapika, mkwe analishwa kwa mkono chakula cha mama mkwe na kuongozwa ndani ya nyumba. Akishaingia hivyo, ni mtoto wa pale. Karamu ya Floribert ilikuwa imepangwa kwa Krismasi. Shaba ikaanguka Novemba.

Basi fikiria nyumba yenye sebule, vyumba viwili na jiko la nje, na ndani yake watu wawili wanaoheshimiana kiasi hicho. Floribert alikohoa kabla ya kutoka chumbani. Mama Régine alikohoa kabla ya kuingia sebuleni. Mmoja akitoka mbele, mwingine anapita nyuma, hata mvuani. Wakilazimika kusemezana, walisemezana kwa wingi, kila mmoja akimwita mwenzake kama watu kumi, na zaidi ya hapo Graciella alikuwa katikati akibeba maneno. "Mama anasema bukari iko tayari." "Mwambie mama tunashukuru." Mama mwenyewe, aliyesonga ugali huo, amesimama nyuma ya pazia na anasikia yote. Kikohozi kilizidi, hata jirani yao Rabia, mshonaji, mtu wa Maniema mwenye ulimi usiotulia, akauliza juu ya ua: "Régine, hii kukohoa yote, muko na TB ama muko na mukwe?"

Mama Régine alicheka, lakini usiku hakulala vizuri. Alimpenda mkwe wake, na alitaka aondoke. Yote mawili yalikuwa kweli. Alitaka kijana apate kazi, amchukue mkewe, na yeye aweze tena kukatiza sebule yake mwenyewe na ndoo kichwani bila kujitangaza kama treni. Kila asubuhi aliomba hilo, kwa maneno hayo hayo, na Mungu nadhani alicheka pia.

Februari, katikati ya mvua, jibu likaonekana. Kikosi cha kutengeneza barabara kilikuwa kinaelekea Mitwaba na kilitaka mchora ramani. Mkuu wake alimpa Floribert mtihani: achore daraja dogo kwa vipimo alivyopewa, alete mchoro kwenye flashi, Alhamisi kabla magari hayajaondoka mchana. Wachoraji waliobaki bila kazi mjini walikuwa wengi kama nzi wa maembe, kwa hiyo aliyechelewa angechelewa moja kwa moja.

Sasa kompyuta. Ilikuwa ile midogo iliyoingia mjini kutoka Dubai miaka ile, ukubwa wa vitabu viwili vya nyimbo vilivyolazwa ubavu kwa ubavu. Kazini Floribert alikuwa na kioo kipana, nacho kilibaki nyuma ya lango lenye kufuli. Programu ya kuchorea aliihamishia kwenye hii ndogo, na humo ikawa kama mtu mrefu kwenye kitanda cha mtoto. Kuchora kuliwezekana. Kuhifadhi ndiko kulikokuwa na kazi. Kila ulipotaka kuhifadhi mchoro mpya, programu ilifungua dirisha refu lenye visanduku vya kujaza, karatasi gani, kipimo gani, rangi zipi, na mwisho kabisa wa dirisha ndipo vilipokuwa vitufe vya kukubali au kuondoka. Kioo kilikwisha kabla ya dirisha. Vitufe vilibaki huko chini visikoonekana, na dirisha likishafunguka hukuruhusiwa kugusa kitu kingine mpaka ulijibu. Mara ya kwanza Floribert alibonyeza Enter kwa kubahatisha, akimtegemea Mungu. Kumbe kitufe kilichokuwa kikingoja Enter kilikuwa cha kuondoka. Programu ikajifunga, kazi ya asubuhi nzima ikaenda na maji.

Graciella ndiye aliyepata dawa, tena bila kuitafuta, akifuta unga wa mahindi kwenye kibodi. Vidole vyake vilibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, na picha yote ikalala ubavu. Badala ya kupiga kelele, aliisimamisha kompyuta kwa upande wake kama anayefungua kitabu, akaona kioo kimekuwa kirefu na dirisha lote limeenea, vitufe na yote. Toka siku hiyo walihifadhi wawili. Mume alishika kompyuta wima na kubana waya, mke akapeleka kidole. Waya ulikuwa lazima ubanwe, kwa sababu betri ilikufa zamani na tundu la chaji lilikuwa limelegea. Walilifunga kwa mpira wa baiskeli, na ukilitikisa vibaya kila kitu kinazimika. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kompyuta ile hata vidole vya mtu mmoja haikuvitaka.

Lakini wiki ile Graciella hakuwepo. Alikwenda Kilwa kuleta samaki, wengine wa kuuza, wengine wa karamu ya kumwingiza mumewe, maana mama yake alikuwa amechoka kukohoa. Mvua ikalifanya lori lao mateka barabarani. Simu yake ilipatikana mara moja tu, akasema wako kwenye matope, wanasukuma, na simu ikakatika. Nyumbani wakabaki wawili, bila mtu wa kubeba maneno.

Alhamisi umeme ulikuja alfajiri. Tundu pekee la umeme lililokuwa bado zima nyumbani lilikuwa chumbani kwa Mama Régine, tangu radi ya Januari, na waya mrefu ulipita chini ya pazia mpaka meza ya sebuleni. Floribert alichora tangu alfajiri hiyo. Mama Régine alikuwa jikoni nje akikoroga munkoyo na kusikiliza. Alipomsikia anasogeza kiti alijua amemaliza. Kweli alikuwa amemaliza. Alifungua dirisha la kuhifadhi, akajaribu kushika kompyuta kwa mkono mmoja na kutumia mwingine, waya ukacheza, kioo kikapepesa, akaiacha haraka kama aliyeshika moto. Aliilaza mezani ikiwa na dirisha lake refu wazi, akatoka kumtafuta mwenzake wa zamani wa kazini, mitaa miwili tu kutoka pale, aje amshikie.

Mvua ilimkuta njiani. Na mvua ilipoanza, paa la sebule nalo likaanza, maana lilikuwa bovu tangu uhai wa Lévi.

Mama Régine aliingia, kwa kukohoa, akakuta hakuna mtu. Tone la kwanza lilianguka ukingoni mwa meza. La pili likaanguka karibu zaidi. Mwanamke mwingine angefunika kwa sufuria akangoja. Yeye kungoja hakukujua. Aliichukua kompyuta kwa mikono miwili, akabana waya kwa kidole gumba kama binti yake alivyomsimulia, akatembea hatua ndogo ndogo mpaka mahali pekee pasipovuja katika nyumba ile, akailaza juu ya kitanda chake. Haikuzimika. Alijipongeza kwa sauti.

Kisha akasikia kikohozi uani, na ndipo alipotambua alichofanya.

"Ba mama?" Floribert alikuwa sebuleni, maji yanamchuruzika. Mwenzake hakumkuta, alikwisha kuvuka kwenda Zambia kutafuta kazi. "Ba mama, machine iko wapi?"

"Iko huku. Mvula ilikuwa inaingia. Nimeibeba polepole, haikuzimika."

"Huku wapi, ba mama?"

"Huku kwangu. Ku chumba."

Pazia lilikuwa jembamba, la maua ya njano, na nyuma yake Mama Régine aliona kivuli cha mkwe wake kimegeukia ukuta wa mbali, kama inavyotakiwa.

"Niirudishe?" aliuliza.

"Hapana, ba mama. Muiache vile. Ile waya iko mugonjwa. Imekubali mara moja, mara ya pili haitakubali. Na hapa kunaanguka maji."

Alisema kwa upole, na Mama Régine akajiona mjinga asiye na mfano. Ameomba wiki zote hizo kijana huyu apate kazi, halafu ameichukua kazi yenyewe akaifungia mahali pekee duniani ambapo mwenyewe haruhusiwi kufika. Alifikiri kumwita Rabia. Rabia alikuwa amekwenda Katuba kwenye kilio tangu asubuhi. Majirani wengine walikuwa wale wanaonong'ona kisimani kwamba Régine anaishi na mkwe ndani kama hana wakubwa wa ukoo. Hao hakutaka waone hata pazia lake. Umeme nao kwa kawaida uliondoka kabla ya mchana.

"Basi muniambie," alisema. "Miko na macho, miko na vidole."

Aliweza kusoma. Masista wa Kilwa walihakikisha hilo. Alisogea kitandani akainama.

"Munaona nini, ba mama?"

"Minaona ile dirisha yenu murefu. Kuko visanduku. Chini yake kuko ukingo wa machine, basi."

"Njo vile. Bouton ziko chini, hazionekane."

"Nifinye ile kubwa ya kuume?"

"Hapana, ba mama, ile musiiguse. Ile njo iliniua mara ya kwanza." Kivuli chake kilichora kibodi hewani kwa kidole. "Chini kabisa, kushoto, kuko Ctrl. Karibu yake kuko Alt. Mufinye zote mbili, musiache. Halafu mufinye mushale wa kushoto."

Mama Régine alibonyeza. Vidole vyake vilizoea mwiko, si vitu vidogo hivi. Kioo kikawa cheusi, kisha picha ikarudi.

"Kila kintu iko kichwa chini," alitangaza.

"Mumefinya mushale wa chini. Haina neno. Ile ya kushoto, ba mama."

Alirudia. "Sasa imelala."

"Ni vizuri. Bouton ziko?"

Ziko, lakini zimelala ubavu, na kuisimamisha kompyuta bila mtu wa kubana waya hakuthubutu. Aligeuza shingo mpaka ikaalika. Herufi hazikukubali. Mwisho alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana kwa miaka mingi: alipanda kitandani, akajilaza ubavu, shavu juu ya blanketi, uso kwa uso na kioo.

"Ba mama? Muko pale?"

"Minalala," alijibu, kisha akasikia alivyosema, na uso ukamwaka. "Minalala juu ya kusoma. Kuko bouton tatu. Aide. Quitter. Enregistrer."

"Enregistrer, ba mama. Ile ya kuhifadhi njo yetu. Muweke kidole pale chini ya clavier, musukume kale kamushale polepole."

Akaweka kidole kwenye kibao kilicho chini ya kibodi. Akakisukuma mbele, kimshale kikaenda pembeni. Akakisukuma pembeni, kimshale kikapanda. Kompyuta ililala upande wake, naye amelala upande wake, na hakuna upande uliokuwa upande. Alijaribu tena. Jasho lilimtoka. Alipopeleka kidole kulia kwa hasira, kimshale kilishuka moja kwa moja, kikasimama.

"Kameenda wapi?" Floribert aliuliza.

"Kameenda kwa Quitter, ile ya kutoka."

"Mutoshe kidole, ba mama. Mutoshe kabisa. Musifinye."

Alikitoa. Taa ya dari ikafifia, ikarudi. Wote wawili waliiona, mmoja huku na mmoja kule, na wote wawili walijua maana yake. Mama Régine aliinuka akaketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Kupitia pazia alikiona kivuli kile chembamba, bado kimegeukia ukuta, mabega yamekunjwa kwa baridi ya nguo zilizolowa. Alijua mambo mawili. Kwamba akikosea mara moja zaidi, kijana huyu atabaki akikohoa katika nyumba hii mpaka wazeeke wote. Na kwamba hata akimwambia ingia, hataingia. Angeacha daraja life, angeacha Mitwaba iende, kuliko kumvunjia heshima. Uchungu ulimpanda kwa jinsi kijana huyo alivyokuwa mwema.

Alipiga moyo konde. Alitoka, akalipita pazia bila kukohoa, akampita Floribert ambaye alibandika uso ukutani, akaingia mvuani mpaka jikoni. Kwenye sufuria kulikuwa na bukari ya jana, baridi, imefanya ngozi juu, na sombe kidogo. Alimega tonge, akalichovya, akalifunika kwa kiganja lisinyeshewe, akarudi.

"Geuka," alisema.

"Ba mama, courant inaenda," Floribert alisema akionyesha taa ya dari.

"Minajua. Geuka, Flori."

Hakuwahi kumwita hivyo. Floribert aligeuka nusu, macho chini, akauona mkono wake na kilichomo mkononi, na akaelewa. Akarudi nyuma mpaka meza ikamzuia.

"Ba tantine hawako," alisema polepole, akiwataja shangazi. "Hii njo yao ya kufanya."

"Ba tantine bako Kilwa, na matope iko katikati yetu. Mimi njo niliyezaa bibi yako Graciella. Fungula kinywa."

Alifungua. Mama Régine alimlisha, kidole chake kikagusa mdomo wa mkwe wake. Floribert alitafuna bukari ile ya jana kwa shida, akaimeza, machozi yanamtoka au ni mvua. Mama Régine hakumpa nafasi ya kusema. Alimshika kifundo cha mkono, akainua pazia, akamwingiza.

Ukuta wa chumba ulikuwa wa samawati. Kijana hakuutazama. Alipiga magoti kando ya kitanda, hakukikalia, akalaza kichwa chake blanketini kama alivyofanya mama, naye mama akainama upande wa pili, akabana waya tunduni kwa vidole viwili. Vichwa vyao vilikuwa karibu hata alisikia harufu ya mvua kwenye nywele za kijana. Taa ilififia tena. Kidole cha Floribert kilitembea polepole, kikienda upande usio wake ili kimshale kiende upande wake, kikafika, kikagonga. Dirisha refu likaondoka. Nyuma yake palikuwa na daraja dogo la mistari myembamba, limelala ubavu.

"Imeingia?" Mama Régine aliuliza.

"Imeingia, mama."

Alichomeka flashi. Waliingoja imeze mchoro. Alipoichomoa na kuanza kuifunga kwenye mfuko wa sukari, umeme ukaondoka mtaa mzima. Floribert akakimbia na viatu mkononi.

Alirudi alasiri, matope mpaka kiunoni, na habari ilikuwa usoni kabla ya mdomo. Wamemchukua. Magari yalikuwa yamesubiri mvua ipungue, mkuu aliufungua mchoro hapo hapo, akauliza maswali mawili, akamwandika. Ataondoka na kundi la pili, Jumatatu, pamoja na mkewe, kwa kuwa huko wanapewa nyumba. Alisimama mlangoni na kukohoa kwanza, kabla ya kusema lolote.

"Usikohoe tena," Mama Régine alimwambia. "Ulishaingia."

Graciella alifika Jumamosi juu ya magunia ya samaki, sauti imekauka kwa kusukuma lori. Alipopita mlangoni alimkuta mumewe na mama yake sebuleni pamoja, mmoja ameshika ngazi, mwingine juu anaziba paa kwa bati, wakibishana. Alidhani amekosea nyumba. Alipoelezwa alishika kichwa, akampigia simu shangazi mkubwa Kilwa, maana jambo kama hili halifichwi. Mama Régine alichukua simu mwenyewe.

"Umemuingiza mukwe peke yako?" shangazi alifoka. "Bila sisi?"

"Peke yangu, yaya," Mama Régine alijibu, akimwita dada kwa heshima.

"Alikula?"

"Alikula."

"Alikula nini?"

"Bukari ya jana."

Kule upande wa pili shangazi alisonya.

"Basi aliingia," shangazi alisema mwisho, kwa uchungu. "Lakini murudilie na samaki. Usituaibishe."

Jumapili wakarudia na samaki. Rabia alialikwa, akaja na pilau yake, akauliza kama TB imepona. Walikula watatu wa nyumba na jirani mmoja kwenye meza moja, na Floribert, ambaye miezi yote hiyo Mama Régine hakuwahi kusikia kicheko chake, alionekana kuwa mcheshi kupita kiasi. Alisimulia jinsi alivyosikia nyuma ya pazia "minalala" akataka ardhi impasukie. Mama Régine alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza na kuona ana kovu dogo nyusini. Alitaka kumuuliza limetoka wapi, akasema nitamuuliza baadaye.

Jumatatu gari lilikuja mapema. Walipakia godoro, sufuria, kompyuta iliyoviringishwa kwenye blanketi la Mama Régine. Graciella alilia. Floribert alimshika mama mkwe wake mkono kwa mikono miwili, hadharani, mbele ya wale wa kisimani, akasema "Mama, bakia muzuri." Wakaenda.

Basi nyumba ikawa yake, kama alivyoomba. Hakuna waya chini ya pazia, hakuna viatu vya mwanamume mlangoni. Alifagia vyumba vyote. Alikoroga munkoyo, akaujaza ndoo, akaibeba kichwani aipitishe sebuleni kwenda barabarani, na alipofika mlangoni, mguu mmoja ndani, akakohoa.

Alisimama akisubiri. Hakuna aliyesogeza kiti. Alikumbuka hakuuliza habari ya lile kovu.

Aliteremsha ndoo. Alijimiminia chai, akavuta kiti cha Floribert karibu na meza, pale ambapo tone la kwanza lilianguka, akaketi. Aliketi mpaka chai ikapoa, na hapakuwa na mtu wa kumwona.